UZI: Saikolojia ya A-Level (Cambridge 9990). Namna ya kuisoma kuanzia AS, na mahali hasa alama zinapopotelea

#1 KalamuNyekundu

Wakuu habari za leo.

Kila matokeo ya Agosti yakitoka, swali hurudi lilelile: mtoto alikuwa na A na B kwenye O-Level, akachukua Saikolojia akidhani ni somo la kujieleza tu, sasa ameshika D. Nimeona tuwe na uzi mmoja wa kudumu. Naongelea Saikolojia ya Cambridge International, msimbo 9990, kwa sababu ndiyo shule nyingi za kimataifa za Dar, Nairobi, Mombasa na Kampala hufundisha. Anayesoma IB (diploma nyingine ya kimataifa) au bodi za Uingereza atapata humu mambo ya kumfaa, ila mpangilio wa mitihani yake ni mwingine.

Kwanza muundo. Karatasi ni nne, kila moja saa moja na nusu, alama 60. Mbili za kwanza ni za AS, yaani mwaka wa kwanza: Karatasi ya 1 inauliza mikabala na mijadala, Karatasi ya 2 inauliza mbinu za utafiti. Mbili za mwisho ni za mwaka wa pili, na hapo mwanafunzi anasoma matawi mawili kati ya manne: tiba ya magonjwa ya akili, saikolojia ya mlaji, afya, na mahali pa kazi. Kila karatasi ina uzito wa robo ya A-Level nzima. Hesabu yake ni rahisi: dakika moja na nusu kwa kila alama, kwa hiyo swali la alama 10 ni dakika 15, na linapofika dakika ya 16 unaliacha unasonga mbele.

Mwaka wa kwanza unasimama juu ya tafiti kuu 12, tatu kwa kila mkabala. Mkabala wa kibiolojia una Dement na Kleitman (usingizi na ndoto), Hassett na wenzake (nyani na midoli), na Hölzel na wenzake (mazoezi ya utulivu wa akili na picha za ubongo). Wa utambuzi una Andrade (kuchorachora), Baron-Cohen na wenzake (jaribio la macho), na Pozzulo na wenzake (gwaride la utambulisho). Wa kujifunza una Bandura, Ross na Ross (uchokozi), Fagen na wenzake (tembo), na Saavedra na Silverman (hofu ya vifungo). Wa kijamii una Milgram (utii), Perry na wenzake (umbali kati ya watu), na Piliavin na wenzake (msaada ndani ya treni). Hii ni orodha ya silabasi ya 2024 hadi 2026. Silabasi hubadilika, kwa hiyo angalia miaka iliyoandikwa kwenye jalada kabla hujanunua kitabu cha mtumba. Vitabu vya silabasi iliyopita bado vinauzwa, na vina tafiti ambazo haziulizwi tena.

Sasa jambo lenyewe. Somo hili halikupi alama kwa kuwaelewa watu. Linakupa alama kwa kujua tunajuaje tunachodai kujua: nani alipimwa, alipimwaje, nini kilidhibitiwa, na matokeo yanaruhusu kusema nini na hayaruhusu kusema nini. Mwanafunzi anayeandika "hii inaonyesha binadamu ni watiifu" hajasema kitu ambacho msahihishaji anaweza kukipa tiki.

Tazameni mfano huu. Swali linataka udhaifu mmoja wa utafiti wa Milgram wa 1963, ambamo mshiriki aliamriwa kumpiga mwenzake shoti za umeme (za kuigiza) zilizopanda mpaka volti 450.

Jibu dhaifu: *Sampuli haikuwa wakilishi, hivyo matokeo hayawezi kujumlishwa.*

Sentensi hiyo ni kweli, lakini unaweza kuibandika kwenye utafiti wowote kati ya zile 12 na isibadilike hata nukta. Msahihishaji akiisoma hawezi kujua kama ulisoma Milgram au ulisoma orodha ya udhaifu wa jumla.

Jibu lenye uzito: *Washiriki wote 40 walikuwa wanaume wa miaka 20 hadi 50 kutoka New Haven na maeneo ya jirani, nao walijitokeza wenyewe kupitia tangazo la gazeti na barua. Anayejitolea kwa utafiti huenda ana hamu kubwa kuliko wengine ya kumridhisha mtafiti, kwa hiyo ile asilimia 65 waliofika volti 450 inaweza kuwa juu kuliko ambavyo ingekuwa kwa watu wasiojibu matangazo.*

Hapo pana vitu vitatu: ukweli kutoka ndani ya utafiti wenyewe, sababu inayofanya ukweli huo uwe tatizo, na upande ambao matokeo yanaweza kuwa yamesukumwa. Cha tatu ndicho wengi wanachokiacha. Kusema "haijumlishiki" halafu kuweka nukta ni kuishia njiani.

Mtego mwingine wa Karatasi ya 1 ni swali la mwisho la alama 10. Linataka nguvu mbili na udhaifu mbili, na angalau hoja moja iwe kuhusu jambo lililotajwa kwenye swali, kwa mfano matumizi ya watoto au uthabiti wa vipimo. Mwanafunzi anaandika kurasa mbili nzuri kabisa na kulisahau jambo lililotajwa. Amejifungia nje ya daraja la juu la usahihishaji kwa mkono wake mwenyewe. Lizungushie duara jambo hilo kwenye karatasi ya maswali, na hoja yako ya kwanza iwe hiyo.

Karibuni tuendelee. Kuna wataalamu wa mbinu za utafiti humu, naomba waingie.

#2 Mama_Kidato

Asante sana mwalimu. Mimi ni mzazi, naomba nielekezwe kwenye mambo mawili. Mtoto akitoka O-Level bila kulisoma somo hili kabisa, anaanzaje? Na kama anataka kuja kutibu wagonjwa wa akili, je, Saikolojia ndiyo ichukue nafasi ya Fizikia?

#3 KalamuNyekundu

Mama, la kwanza halina shida. Karibu wote huanza bila msingi, maana hata KCSE (mtihani wa kumaliza sekondari Kenya) haina Saikolojia. Wanachohitaji ni mambo mawili kutoka O-Level: Kiingereza cha kuandika aya yenye hoja moja iliyokamilika, na hesabu za kawaida, yaani wastani, asilimia, na kusoma grafu. Mwenye Biolojia anapata wepesi kwenye mkabala wa kibiolojia lakini asiyekuwa nayo hashindwi.

La pili ndilo la kuwa nalo makini, na naomba wazazi wengine walisome vizuri. Daktari wa magonjwa ya akili ni daktari wa tiba kwanza, halafu anabobea. Kwa vyuo vya Tanzania udaktari unadai Fizikia, Kemia na Biolojia. Mtoto akiangusha Fizikia ili aweke Saikolojia, mlango wa udaktari hapa nyumbani umefungwa, na hatakuja kuufungua kwa kupata A ya Saikolojia. Shule ikiruhusu masomo manne, Saikolojia iwe la nne.

Njia nyingine ni mwanasaikolojia tiba, ambaye si daktari wa dawa. Huyu hupitia shahada ya kwanza ya saikolojia au fani ya karibu, kisha uzamili wa tiba. Muhimbili (MUHAS) wana shahada ya uzamili ya saikolojia tiba. UDSM wana shahada ya kwanza ya elimu katika saikolojia. Kwa ndugu zetu wa Kenya, kuna sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia ya mwaka 2014 inayosimamia nani anaruhusiwa kufanya kazi hiyo. Na mjue pia kwamba vyuo vingi vya Uingereza havidai A-Level ya Saikolojia kwa anayeomba shahada ya saikolojia. Wengi hufurahi zaidi kuona somo la sayansi au Hisabati. Kwa hiyo achukue Saikolojia kwa sababu ataisoma vizuri, asiichukue akidhani bila hiyo hatapokelewa.

#4 Vigeu_na_Sampuli

Salamu kwenu nyote kutoka Nairobi. Mwalimu ameita watu wa mbinu, basi nichukue Karatasi ya 2, kwa sababu huko ndiko wanafunzi wazuri huanguka.

Swali la mwisho lina alama 14. Kumi ni za kupanga utafiti, nne ni za kutetea au kukosoa ulichopanga. Unapewa mada na mbinu, unaandika utafiti kwa undani kiasi kwamba mtu mwingine angeweza kuufanya bila kukupigia simu kukuuliza. Hicho ndicho kipimo changu cha kila mpango. Mtu akiusoma na kuuliza "maneno mangapi?", "kwa muda gani?", "nani alienda kundi gani?", basi bado.

Kila mbinu ina mambo yake ya lazima ambayo silabasi imeyataja. Jaribio linataka aina ya jaribio, kigeu huru (unachokibadilisha), kigeu tegemezi (unachokipima), udhibiti, na mpangilio wa washiriki (walewale kwenye hali zote au tofauti). Dodoso au mahojiano yanataka mbinu na muundo wake, aina ya maswali, na jinsi majibu yatakavyopewa alama au kufasiriwa. Uchunguzi wa kutazama unataka useme kama wanajua wanatazamwa, kama mtazamaji anashiriki, kama kuna orodha ya tabia za kuhesabu, na kama ni mazingira ya kawaida au yaliyoandaliwa. Uhusiano kati ya vigeu viwili unataka vyote viwili vipimwe kwa namba, na hapa wanafunzi hugawa makundi mawili bila kujua kwamba wameshahama kwenda kwenye jaribio. Kosa hilo moja linaua karibu swali zima.

Niwape mpango mmoja kamili. Mada: je, kusikiliza redio yenye mazungumzo hupunguza maneno yanayokumbukwa? Mbinu: jaribio la maabara.

*Washiriki watakuwa wanafunzi 40 wa miaka 16 hadi 18 wa shule moja. Majina ya wanafunzi wote wa umri huo yatawekwa kwenye kisanduku na 40 yatachomolewa bila kutazama. Watagawanywa kwa kura katika makundi mawili ya watu 20. Kigeu huru ni kuwepo au kutokuwepo kwa redio: kundi la kwanza litasikia kipindi kilekile kilichorekodiwa cha mazungumzo, kwa sauti ileile, na kundi la pili litakaa kimya. Kila mshiriki ataingia peke yake katika chumba kilekile kati ya saa nne na saa sita asubuhi. Ataonyeshwa kwenye skrini maneno 20 ya kawaida yenye silabi mbili au tatu, kila neno kwa sekunde 2. Kisha redio itazimwa na atapewa karatasi tupu na dakika 3 kuandika maneno anayoyakumbuka kwa mpangilio wowote. Kigeu tegemezi ni idadi ya maneno sahihi kati ya 20. Neno lenye kosa dogo la tahajia litahesabiwa. Wastani wa makundi mawili utalinganishwa. Kabla ya kuanza kila mmoja ataambiwa atafanya nini, atatoa ridhaa, na ataambiwa anaweza kuondoka wakati wowote; majina hayataandikwa, badala yake kila karatasi itakuwa na namba.*

Angalieni mambo madogo yanayobeba alama. "Redio itazimwa" kabla ya kuandika: isipozimwa huwezi kujua redio iliharibu kukariri au iliharibu kukumbuka. "Neno lenye kosa la tahajia litahesabiwa": bila kanuni hiyo wasahihishaji wawili watatoa alama mbili tofauti, na uthabiti wa kipimo umekwenda. "Kwa kura": bila hiyo mtu ataweka marafiki zake kwenye kundi la kimya.

Ukitaka washiriki walewale wapite hali zote mbili, lazima uwe na orodha mbili za maneno zenye ugumu sawa, na nusu waanze na redio huku nusu wakianza na ukimya. Wanafunzi hutaja mpangilio huu kwa sababu unasikika wa kisomi, kisha wanawapa watu orodha ileile mara mbili. Bila shaka mara ya pili watakumbuka zaidi!

Na sentensi ninayoomba muifute kwenye vichwa vyenu: "Nitadhibiti vigeu vyote." Taja kigeu, taja utakavyokidhibiti.

#5 Mtahiniwa_AS

Shikamooni walimu. Mimi nipo AS sasa hivi. Namba za zile tafiti 12 ni nyingi mno, zinanichanganya. Kuna njia ya kujua ni zipi za kushika?

#6 KalamuNyekundu

Marahaba. Mdogo wangu, namba bila mwenzake haina kazi. Shika jozi. Kwa kila utafiti chukua jozi mbili au tatu za matokeo zinazolinganishwa, mambo ya sampuli, na vipimo vya utaratibu ambavyo bila hivyo utafiti hauelezeki.

Andrade wa 2010: waliochorachora wakisikiliza ujumbe wa simu walikumbuka wastani wa vipande 7.5 vya taarifa, wasiochora 5.8. Hiyo ni asilimia 29 zaidi. Dement na Kleitman wa 1957: walipoamshwa kwenye usingizi wa macho kuchezacheza walisimulia ndoto mara 152 kati ya 191, kwenye usingizi mwingine mara 11 kati ya 160. Piliavin wa 1969, ambapo mtu alijifanya kuanguka ndani ya treni: mwenye fimbo alisaidiwa bila kuchochewa safari 62 kati ya 65, aliyenuka pombe safari 19 kati ya 38. Baron-Cohen wa 2001, kutambua hisia kwa kutazama picha za macho: kundi la wenye usonji wa uwezo wa juu walipata wastani wa 21.9 kati ya 36, watu wa kawaida 26.2. Milgram: wote 40 walifika volti 300, watano wakaishia hapo, 26 wakaenda mpaka 450.

Umeona? Kila namba ina ya kulinganisha nayo. Ukiandika "waliochora walipata 7.5" peke yake umetoa tarakimu, hujatoa matokeo.

Namna ya kukariri: kila utafiti karatasi moja ya A4, upande mmoja tu. Usinakili kitabu. Soma utaratibu, funga kitabu, andika kwa dakika nane ulichobaki nacho, fungua, ongeza ulichosahau kwa kalamu nyekundu. Vile vyekundu ndivyo vya kurudia baada ya siku mbili, baada ya wiki, na tena baada ya wiki tatu. Kusoma tena na tena kwa kupaka rangi ya njano kunakupa hisia ya kujua, na hisia hiyo inayeyuka ukiwekewa karatasi tupu mbele.

#7 Vigeu_na_Sampuli

Naongeza kwenye Piliavin kwa sababu watu huisoma kama hadithi ya treni na kuipita. Jiulizeni: kwa nini treni ile, sehemu ile? Walitumia treni za A na D za New York kati ya mtaa wa 59 na wa 125, ambapo treni haisimami kwa dakika 7 na nusu hivi. Aliyejifanya mgonjwa alianguka sekunde kama 70 baada ya treni kuondoka. Maana yake abiria hawangeweza kushuka, na watafiti walikuwa na muda uleule kila safari. Ukifikiria kufanya jambo hilo ndani ya daladala, kila baada ya kituo watu wanashuka na wengine wanapanda, huwezi kujua nani aliona nini. Hapo umeshajua kwamba hata jaribio la uwanjani lina udhibiti, na umepata hoja ya nguvu ambayo wengi hawaiandiki.

Upande wa udhaifu, usiandike tu "hawakutoa ridhaa". Takribani watu 4,450 walikuwa kwenye mabehewa hayo bila kujua wako kwenye utafiti, na hawakuweza kuelezwa baadaye kwa sababu walishuka na kutawanyika. Ndani ya hao, wapo waliobaki wanaamini wamemwacha mtu mgonjwa sakafuni. Hilo ndilo dhara la kutaja.

Na msisahau kwamba matokeo yalikwenda kinyume na matarajio: wingi wa watu haukupunguza msaada. Kuna majibu mengi yanayodai Piliavin alithibitisha kwamba watu wengi wakiwepo kila mmoja hutegea mwenzake. Hapana. Hapo alama zinakatwa zote.

#8 Pwani_Elimu

Salaam aleikum. Nimefurahi kuona suala la uwakilishi limeguswa, ila naomba tulipeleke mbele kwa wanafunzi wa kwetu. Jaribio la macho la Baron-Cohen lina picha 36 za sehemu ya macho zilizotoka kwenye majarida, na kila picha ina maneno manne ya Kiingereza ya kuchagua. Watafiti walitoa orodha ya maana za maneno, lakini bado kipimo kinategemea msamiati. Mtu ambaye Kiingereza ni lugha yake ya tatu akikosea, amekosa kusoma hisia au amekosa neno? Hilo ni swali la uhalali wa kipimo, na mwanafunzi wa Mombasa au Zanzibar analiona haraka kuliko wa London. Litumieni. Ila liandikeni kwa lugha ya kipimo, kwamba alama zinaweza kuwa zinapima msamiati badala ya uwezo wa kutambua hali ya akili ya mwingine. Msiandike "Wazungu hawatuelewi", hiyo haina tiki.

Jambo la pili nalisema kwa uzito. Walimu msiwaruhusu wanafunzi kurudia tafiti hizi kwa wenzao bila usimamizi. Kuchorachora wakisikiliza ujumbe wa simu hakuna shida. Kumwambia mwenzako amlazimishe mtu, au kugawa dodoso la sonona darasani na kusoma alama za watu kwa sauti, ni kuumiza watoto. Dodoso la namna hiyo likimwonyesha mtoto yuko hatarini, nani anampokea? Kama shule haina jibu, dodoso lisitolewe.

#9 Mtahiniwa_AS

Nimeelewa vizuri sana, asanteni. Swali langu la mwisho: mkengeuko sanifu (standard deviation). Mwalimu anasema tujue unaonyesha nini, ila mimi naukariri tu.

#10 Vigeu_na_Sampuli

Ukokotoe kwa mkono mara moja, hutausahau. Kundi A lina alama 4, 6, 7, 7, 11. Wastani ni 7. Toa wastani kwa kila alama: -3, -1, 0, 0, 4. Zidisha kila moja kwa yenyewe upate miraba: 9, 1, 0, 0, 16, jumla 26. Gawa kwa idadi kasoro moja, yaani 4, unapata 6.5. Kipeuo chake ni 2.55.

Kundi B lina 6, 7, 7, 7, 8. Wastani ni 7 vilevile. Jumla ya miraba ni 2, ukigawa kwa 4 ni 0.5, kipeuo ni 0.71.

Wastani sawa, makundi tofauti. Kwenye B karibu wote walifanya sawa, kwa hiyo ile 7 inamwelezea vizuri mtu wa kundi hilo. Kwenye A yupo aliyepata 4 na yupo wa 11. Ukiulizwa mkengeuko sanifu mkubwa unaonyesha nini, usijibu "data imetawanyika" ukaacha. Sema imetawanyika kutoka kwenye wastani, halafu sema hao ni akina nani kwenye utafiti uliopewa: "washiriki waliosikia redio walitofautiana sana katika idadi ya maneno waliyokumbuka."

#11 Darasa_Mezani

Wakuu, kuhusu matawi ya mwaka wa pili. Karibu kila shule inachagua tiba na afya. Mimi naona si sahihi kuchagua kwa mazoea. Tiba ina msamiati mzito wa vigezo vya utambuzi wa magonjwa vya ICD-11 (mwongozo wa WHO wa kuainisha magonjwa), na inadai kutenganisha maelezo ya kibiolojia na ya kisaikolojia kwa ugonjwa mmojammoja: skizofrenia, matatizo ya hali ya hisia (kama sonona), kushindwa kuzuia msukumo, wasiwasi na hofu, na mawazo ya kujirudia. Mwanafunzi anayependa biashara angepumua zaidi kwenye saikolojia ya mlaji au ya mahali pa kazi.

#12 KalamuNyekundu

Nakubaliana nawe nusu, mkuu. Kweli tiba ni nzito. Lakini mpangilio wake ni uleule kwa kila ugonjwa: dalili, maelezo, matibabu. Mwanafunzi akishaushika kwenye ugonjwa wa kwanza anautumia kwa yote. Tena Saavedra na Silverman wa AS, yule mtoto wa miaka 9 mwenye hofu ya vifungo, anamwingiza moja kwa moja kwenye matibabu ya hofu. Upande wa mlaji mada zimetawanyika, kila moja inaanza upya.

Ila linaloamua kuliko yote ni mwalimu aliyepo. Matawi mawili yaliyofundishwa vizuri na mtu anayeyajua yanashinda matawi yanayopendwa yaliyofundishwa kwa kusomewa slaidi. Na tawi lolote utakalochagua, mzigo mpya ni mijadala inayoongezeka mwaka wa pili, kama tofauti za kitamaduni na kupunguza jambo zima kuwa sababu moja. Swali la kutathmini kwenye Karatasi ya 3 litakutajia mjadala mmoja na kukutaka uujadili. Uandae mfano wa kila mjadala kwa kila mada tangu mwanzo, usingoje mwezi wa nne.

#13 Mama_Kidato

Nashukuru mno walimu wangu. La mwisho kabisa: shule ya mtoto haina somo hili. Anaweza kulifanya kama mtahiniwa binafsi?

#14 Darasa_Mezani

Anaweza, mama. 9990 haina kazi ya darasani inayohesabiwa wala maabara. Karatasi zote nne ni za kuandika. Tafuta kituo kinachopokea watahiniwa binafsi, na uulize mapema mambo matatu: kama wanaandikisha 9990 na si masomo mengine tu, ada yao ya kituo juu ya ada ya mtihani ni kiasi gani, na tarehe yao ya ndani ya kufunga uandikishaji, maana vituo hufunga kabla ya tarehe ya Cambridge.

Anaweza kufanya AS kwanza, akabeba alama hizo na kumalizia karatasi mbili zilizobaki, ila ni lazima iwe ndani ya miezi 13. Akifanya AS Juni na A-Level Juni inayofuata yuko salama. Akiruka mwaka, anarudia zote nne.

Atakachokosa nyumbani ni mtu wa kumsahihisha. Karatasi za miaka iliyopita zije na miongozo yake ya kusahihishia, na apate mwalimu angalau mara mbili kwa mwezi wa kupitia yale maswali ya alama 10 na ile mipango ya utafiti. Maswali mafupi anaweza kujisahihisha mwenyewe. Mipango hawezi, kwa sababu kichwa chake tayari kinajaza mapengo ambayo karatasi haikuyaandika.